Nani Asemaye? Usemi na Msemaji katika Kumbukumbu za Ujenzi wa Programu

Uhakiki wa fasihi umekwisha kuzoea kuuliza, kabla ya jambo lolote jingine, ni nani asemaye na anasema na nani. Swali hili huulizwa juu ya utenzi, riwaya na tamthilia. Ni nadra mno kuulizwa juu ya maandishi yatolewayo na mashine, ingawa yako maandishi ya namna hiyo yanayosomwa kila siku kwa makini ambayo washairi wengi wangeyaonea wivu. Hizo ni kumbukumbu za ujenzi wa programu: maelfu ya mistari ambayo mfumo wa ujenzi huiandika wenyewe, aghalabu usiku na pasipo mtu kuwapo, huku ukiiagiza kompaila igeuze faili moja baada ya nyingine kuwa amri za mashine. Ujenzi ukishindikana, msomaji hana shahidi mwingine ila maandishi hayo. Malalamiko ya kawaida ni kwamba lugha yake ni ngumu. Makala haya yanashikilia kwamba ugumu wa lugha ni jambo la pili. La kwanza ni kuwa huu ni usemi wa wasemaji wengi usio na msimulizi.

Kile kiitwacho kompaila kwa jina moja ni jamii nzima ya programu. Chukua GCC, iliyotolewa mara ya kwanza na Richard Stallman mwaka 1987. Amri ambayo mtu huiandika ni ya msimamizi tu. Msimamizi huyo humwita cc1 kwa lugha ya C, au cc1plus kwa lugha ya C++. Kisha huitwa asembla, na mwishowe kiunganishi kinachokusanya vipande vyote kuwa programu moja. Juu yao wote huenda akawapo Make, aliyebuniwa na Stuart Feldman huko Bell Labs mwaka 1976. Kila mmoja huandika katika ukurasa ule ule. Make huwa na neno la mwisho, na neno lenyewe ni kwamba kazi fulani imekoma kwa kosa namba 1. Msomaji mgeni huushika mstari huo kwa kuwa ndio ulio karibu na jicho lake, kumbe asemaye hapo hakuona lolote: ameletewa namba tu, naye anaitangaza. Ni tarishi aliyebeba barua asiyoweza kuisoma.

Hata shahidi aliyeona hutaja mahali alipokwama, wala si lazima pawe ndipo palipokosewa. Mathalani, mwandishi wa C akisahau nukta-mkato mwishoni mwa maelezo ya muundo wa data katika faili ya vichwa, faili hiyo yenyewe haitashtakiwa na matoleo ya zamani ya GCC. Kosa litatajwa katika faili nyingine iliyoiingiza ile ya kwanza, katika mstari usio na ila yoyote, kwa maneno kwamba aina mbili au zaidi za data zimekutana katika tangazo moja. Kila neno hapo ni kweli kwa upande wa msemaji, maana yeye alikuwa bado anangoja muundo ufungwe. Clang, kompaila iliyokuja baadaye, husema waziwazi kwamba nukta-mkato ilitarajiwa baada ya muundo, na husonta kidole pale pale. Tofauti ya hizo mbili haimo katika upole wa lugha. Imo katika mahali msemaji anaposimama anapotazama.

Mfano ulio mzito zaidi ni ule wa kompaila inayokiri kosa lisilo lake. Ujenzi mkubwa wa C++ hugawanywa katika kazi nyingi zinazokwenda sambamba, na kila cc1plus hudai sehemu yake ya kumbukumbu ya mashine. Kumbukumbu ikiisha, kiini cha mfumo wa Linux huchagua programu mojawapo na kuiua. Katika matoleo ya GCC yaliyotumika kwa miaka mingi, maandishi yaliyobaki nyuma yalisema kwamba pametokea hitilafu ya ndani ya kompaila, kwamba cc1plus imeuawa, na msomaji akaombwa kwa adabu apeleke taarifa kamili kwa watengenezaji. Aliyetamka maneno hayo si marehemu bali msimamizi wake, aliyemkuta amekufa akadhani amejiua. Muuaji hasemi kitu katika ukurasa huo. Ushahidi wake umo katika kumbukumbu nyingine kabisa, za kiini chenyewe. Matoleo ya baadaye yamerekebisha usemi huo, yakasema tu kwamba programu ilikomeshwa kwa ishara ya kuua. Na pale ambapo Make huletewa namba 137, mjuzi huisoma kama 128 kuongeza 9, ambapo 9 ndiyo ishara yenyewe. Anayeyasoma maneno ya msimamizi kama maneno ya kompaila atapoteza siku nzima akiichunguza C++ yake, ilhali dawa ni kupunguza idadi ya kazi sambamba.

Usambamba huo huleta pia mchafuko wa fani: mistari ya kazi mbili huingiliana, sentensi ya mmoja ikakatwa na ya mwenziwe. GNU Make 4.0 ya mwaka 2013 ilileta njia ya kushikilia maneno ya kila kazi mpaka ikamilike. Ni marekebisho madogo, tena hayasifiwi sana, lakini thamani yake inazidi ile ya misamiati mingi mipya.

Waliosifiwa ni wengine. Mwaka 2015 kompaila ya lugha ya Elm ilianza kusema kwa nafsi ya kwanza, kwa upole wa mwenyeji anayemwongoza mgeni, na mwaka 2016 Rust ikaupanga upya usemi wake kwa kuvutiwa na mfano huo. Sifa hizo zinastahili, ila sababu inayotolewa haitoshi. Upole peke yake hautambui ugonjwa. Dhana mbaya iliyosemwa kwa upole hupoteza watu zaidi kwa kuwa huaminika. Kilicho bora katika ile nafsi ya kwanza ni kwamba msemaji amejitaja.

Suala hili lawagusa pia wanaotafsiri usemi wa programu kwa Kiswahili, kazi iliyofanywa Dar es Salaam kwa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Mfasiri hupewa sentensi iliyotengwa na msemaji wake, yenye pengo litakalojazwa na mashine: kitu fulani hakikutangazwa. Kiingereza hulivuka pengo hilo bila shida. Kiswahili hakiwezi, kwani upatanisho wa ngeli hudai kujua ni kitu gani: kigeu *hakikutangazwa*, funksheni *haikutangazwa*. Na kompaila haijui, maana hasa kinacholalamikiwa ni kwamba kitu hicho hakijapata kujulishwa kwake. Inachojua ni kwamba imekutana na jina. Tafsiri iliyo sahihi basi ni *jina hili halikutangazwa*, nayo, kwa kulazimishwa na sarufi, inaeleza mipaka ya ujuzi wa msemaji kuliko ile ya asili.