KOSA LETU SOTE, AU LAKE PEKE YAKE?

Iko tabia moja mbaya inayoota kwa watoto wetu, na sisi wazee ndio tunaoimwagilia maji. Kazi waliyoifanya pamoja ikisifiwa, kila mmoja husema, "Ni yetu." Ikionekana ina kosa, husema, "Ni yake."

Mimi nasomesha chuo hapa Nkololo, wilaya ya Bariadi, katika nchi ya Wasukuma na ya pamba. Wanafunzi wangu wanne walipewa huko skuli kazi ya pamoja ya kupima shamba. Wakapata mita 90 kwa 45. Jawabu lake ni mita za mraba 4,050, yaani kama ekari moja. Wao wakapeleka 4,500, na majina yao yote manne yakiwa chini ya karatasi. Mwalimu alipouliza, watatu wakamnyooshea kidole mwenye hati nzuri: "Huyu ndiye aliyeandika!" Kumbe yeye alinakili tu alichosomewa. Aliyezidisha vibaya alikuwa katika wale watatu, naye akanyamaza. Fimbo ikamwangukia asiye na kosa.

Nilipomweleza mzazi mmoja, alicheka akasema, "Sheikh, si hesabu tu hiyo?"

La, si hesabu tu. Wafasiri wametueleza kisa cha Bani Ubayriq huko Madina. Iliibwa silaha, na jamaa wakasimama kumtetea mtu wao. Na katika riwaya iliyo mashuhuri, wizi ule akasingiziwa Yahudi asiyekuwa na hatia. Hapo zikateremka aya za Suratun Nisaa kuanzia ya 105. Na katika aya ya 112 Mwenyezi Mungu ameonya kwamba atendaye kosa kisha akamtupia asiyelitenda, huyo amejitwika uzushi na dhambi iliyo wazi. Tazameni basi: kosa la kuzidisha lasameheka, bali kumtwika mwenzio ni dhulma.

Kwa hivyo wale watoto walikuwa na wajibu namna mbili. Aliyekosea ilimpasa aseme, "Ni mimi." Na wenziwe iliwapasa waseme, "Nasi hatukuihakikisha," kwani mtu hatii jina lake katika kazi asiyokubali kuulizwa kwayo.

Lakini lawama kubwa ni yetu. Mtoto akikiri kuwa amevunja sahani, tunampiga. Akimsingizia mdogo wake, anasalimika. Kisha twashangaa amejifunza wapi uwongo! Kiboko chetu ndicho kilichomfundisha. Afadhali tuache kuuliza, "Nani mkosa?" tuulize, "Kosa limeingilia wapi, nasi tulitengeneze vipi?" Na atakayekiri tusimwadhibu kwa kukiri kwake.

Wale wanne niliwakalisha, wakapima tena pamoja. Aliyekosea alimwomba radhi mwenziwe mbele yetu, akilia. Siku ile alijifunza jambo kubwa kuliko hesabu.

Mwenyezi Mungu atujaalie sisi na watoto wetu kuwa wakweli, hata ukweli ukiwa juu ya nafsi zetu. Amin.