Neno "Endelevu" na Ardhi Iliyopumzishwa

Neno "endelevu" limeenea sana katika Kiswahili cha serikali na cha magazeti, hata imekuwa shida kuuona mpango wo wote wa misitu, maji, malisho au madini usiolitaja. Tangu Umoja wa Mataifa ulipopitisha Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, neno hilo limekuwa kama muhuri: hati isiyokuwa nalo yaonekana haijakamilika. Wengi wetu tumelipokea kwa utulivu kwa sababu umbo lake halina ila. Nia yangu hapa ni kuonyesha kwamba umbo hilo safi limeficha upungufu wa maana, na kwamba upungufu huo hauwahusu wanasarufi peke yao, bali wagusa haki za watu juu ya ardhi yao.

Kuhusu umbo sina neno. Kutokana na vitenzi elea, legea na potea twapata sifa elevu, legevu na potevu. Basi kupata endelevu kutokana na endelea ni kufuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Lakini "maendeleo" nayo yametoka katika kitenzi kicho hicho. Msemaji asikiapo "maendeleo endelevu" asikia kwenda mbele kunakozidi kwenda mbele. Dhana yenyewe iliingizwa katika siasa za dunia hasa na ripoti ya mwaka 1987 ya tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwei, na humo ilisimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni mahitaji, hasa mahitaji ya maskini, ambayo yapasa kutangulizwa kuliko yote. Ya pili ni mipaka, yaani walio hai wajizuie ili wasiwapokonye watakaozaliwa uwezo wa kujitosheleza. Neno letu halikubeba hata nguzo moja. Lina mwendo tu. Mtu aweza kuuita endelevu ukataji wa magogo usiosimama usiku wala mchana, na sarufi isimlaumu.

Huenda msomaji akajibu kwamba istilahi hupata maana kwa matumizi, si kwa mzizi. Kwamba hakuna akumbukaye leo kuwa "rasilimali" ni neno la Kiarabu la mtaji wa mfanyabiashara, na bado twalitumia kwa mito na misitu. Mfano huo wanisaidia mimi kuliko unavyomsaidia yeye. Aitaye msitu rasilimali amekwisha kuuandika katika daftari la hesabu, na swali lifuatalo ni faida yake kwa mwaka. Mzizi haukufa, umelala tu.

Hebu tutazame mahali ambapo jambo lenyewe lilikuwapo kabla ya istilahi. Wasukuma wana neno ngitili. Ni eneo la malisho lifungwalo mvua zianzapo, majani na miti vikaachwa vikue, kisha likafunguliwa kwa mifugo kiangazi kinapokaza. Katika Shinyanga, ambako miti mingi ilikuwa imefyekwa ili kuwaondoa mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, desturi hiyo ilififia, na kuhamishiwa kwa watu vijijini katika miaka ya 1970 kuliidhoofisha zaidi. Mwaka 1986 zilihesabiwa kiasi cha hekta 600 tu za ngitili. Mwaka huo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza kazi, na ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zimerudi zaidi ya hekta 300,000. Miche iliyopandwa ilisaidia, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na ardhi yenyewe ilipoachwa ipumzike.

Sisemi kwamba ngitili ni pepo. Mwenye ng'ombe wengi aghalabu ndiye mwenye ngitili kubwa, na asiye na kitu hununua majani kwa jirani yake. Lakini katika neno hilo kujizuia ndiyo maana ya kwanza, nako ndiko kunakokosekana katika "endelevu". Ardhi iliyofungwa haina mkulima wala mchungaji ndani yake kwa miezi mingi, na bado inatumika.

Hapo ndipo tunapogongana na sheria. Bunge la Tanzania lilipitisha mwaka 1999 sheria mbili pacha, Sheria ya Ardhi, namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5, zote kwa Kiingereza, nazo zikaanza kutumika mwaka 2001. Sheria namba 5 yakubali kwamba ardhi ambayo wanakijiji wameitumia kwa miaka 12 kabla ya sheria hiyo ni ya kijiji, hata kama katika muda huo ilipumzishwa, au ilikuwa ya kulishia mifugo au ya kuipitisha tu kwenda malishoni. Sheria namba 4, katika kueleza "ardhi ya jumla", yaingiza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ardhi ya jumla iko chini ya Kamishna wa Ardhi, si chini ya Halmashauri ya Kijiji, na ndiko mwekezaji apatako hati yake. Basi ngitili iliyofungwa ni ya nani? Pacha mmoja asema ni ya kijiji. Mwingine ameacha mlango wazi.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria Tanzania, na hapo jambo hili laja mikononi mwetu. Mfasiri asiye mwangalifu ataandika "ardhi isiyotumika" na kuendelea na kifungu kifuatacho. Lakini umbo hilo lina mitego mitatu. Kauli ya kutendeka yaweza kumaanisha kitu ambacho hakitumiwi, na pia kitu kisichofaa kutumiwa. Tena haimtaji mtendaji: isiyotumika na nani? Mtego wa tatu ndio mbaya kuliko yote. Kirejeshi cha kukana chenye -si- hakina wakati. "Isiyotumika" yaweza kuwa leo mchana, msimu huu, au tangu dunia iumbwe, na kwa ardhi iliyopumzishwa wakati ndio kila kitu. Mkaguzi afikaye mwezi wa Februari, ngitili imefungwa na majani yamefika kiunoni, ataona kwa macho yake ardhi isiyotumika, na sarufi itamuunga mkono.

Ningalipendelea kusoma: "ardhi ya kijiji ambayo wanakijiji hawakuitumia kwa namna yo yote, wala kwa kuipumzisha, wala kwa malisho, katika miaka 12 iliyotangulia." Mwanasheria atasema kwamba kufanya hivyo ni kuongeza, si kutafsiri. Namjibu kwamba maneno hayo yote yamo tayari katika sheria namba 5, iliyopitishwa na Bunge lilo hilo, mwaka uo huo.