Kuinama na Kuegemea: Uhakiki wa Ufafanuzi kwa Visawe kwa Kurejelea Mwambao wa Rumonge

Kufafanua neno kwa kisawe chake pekee huficha tofauti za kimaana, hasa katika msamiati wa vitu visivyosimama wima. Mteremko na mwinuko huweza kutaja ardhi ileile. Kinachotofautiana ni mahali aliposimama msemaji. Mkazi wa Rumonge, aliye katika tambarare ya Imbo, huitazama milima ya Mumirwa kama mwinuko; ashukaye kutoka huko kuelekea Ziwa Tanganyika huuona mteremko. Vilevile, kilichoegemea kina kitu kinachokizuia kisianguke, ilhali kilichoinama chaweza kuwa hakina. Tofauti hiyo ina uzito. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda na kuingia katika makazi ya mwambao wa Burundi. Katika hali kama hiyo, kuandika kwamba ukuta “umeegemea” ilhali umeinama ni kumtuliza mkaaji anayestahili kuonywa. Kwa hiyo, kamusi inayokusudiwa kumfaa pia mjifunzaji wa Burundi, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, haina budi kubainisha mambo mawili: mtazamaji amesimama wapi, na kitu kimezuiwa na nini.