Pampu ya Petroli Isiyotaka Betri: Pigo Litoke Wapi?

Injini ya Honda GX200 hutoka kiwandani na tenki la lita 3.1 lililokaa juu ya kabureta. Petroli hushuka yenyewe, hakuna pampu. Kwa mashine ya kushindilia udongo, inayozimwa kila baada ya muda, mpango huo unatosha. Kwa mkulima anayemwagilia nyanya kutwa nzima ni kero. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, injini hii hunywa takriban lita 1.7 kwa saa, kwa hiyo tenki halifikishi hata saa mbili. Ndipo watu huanza kumimina petroli kando ya eksozi inayowaka moto.

Kazi ninayoichambua ilifanywa na fundi wa mashine ndogo aliyeamua kuliteremsha tenki. Alifunga la lita 20 chini, kwenye fremu, ubavuni mwa pampu ya maji. Uamuzi mzuri, ila petroli haipandi yenyewe, na injini ya kuvuta kwa kamba haina betri ya kuendesha pampu ya umeme. Akachagua pampu inayoendeshwa na upepo wa injini yenyewe.

Pampu hiyo ina matundu matatu: la kuingizia petroli, la kutolea, na la pigo, yaani mvuto na msukumo wa hewa kutoka kwenye injini. Ndani mna kiwambo cha mpira. Upande mmoja wa kiwambo hupokea pigo, upande wa pili una petroli pamoja na valvu mbili ndogo za njia moja. Hewa ikivuta, kiwambo hurudi nyuma na petroli huingia. Ikisukuma, petroli hutoka kwenda kwenye kabureta. Basi.

Swali zito ni pigo litoke wapi, na hapa ndipo kazi nyingi za namna hii huharibikia. Wengi hutoboa njia ya kuingizia hewa, kati ya kabureta na kichwa cha silinda, kwa sababu mvuto wa hapo ni mkali. Ni mkali kweli injini ikiwa haina mzigo. Ukiibebesha kazi, kipepeo cha kabureta hufunguka na mvuto hupungua, saa ileile petroli inapohitajika zaidi. Isitoshe, silinda ni moja, nayo huvuta hewa mara moja tu kwa kila mizunguko miwili ya kranki.

Chini ya pistoni mambo ni tofauti. Kila mzunguko pistoni hupanda na kushuka, ikisukuma na kuvuta hewa ya sentimita za ujazo 196. Kwa mizunguko 3,600 kwa dakika hayo ni mapigo 60 kwa sekunde, mzigo uwepo usiwepo. Fundi alichukua pigo hilo kupitia mfuniko wa valvu, ambako hufika kwa njia za fito za kusukumia valvu. Hufika limepungua kidogo, lakini mfuniko huo hufunguka kwa urahisi na kutobolewa mezani, hivyo chembe za chuma haziangukii kwenye oili. Bati lake ni jembamba, halishiki hesi, kwa hiyo alichomelea kijibomba kwa shaba badala ya kukikaza kwa gundi. Njia ya kupumulia ya injini hakuigusa, na alifanya vyema: ukiiziba, oili itatafuta pa kutokea kwenye sili.

Mpira wa pigo aliukata mfupi, haukufika sentimita 30, wenye ukuta mnene. Mpira laini hutanuka na kulimeza pigo kabla halijafika. Pampu aliifunga kwenye fremu, mbali na eksozi na juu kidogo ya kijibomba, ili oili inayopanda kama ukungu ichuruzike kurudi kwenye injini. Filta ipo kabla ya pampu, na kifuniko cha tenki kina tundu la hewa.

Ninapotofautiana naye ni upande wa kabureta. Kabureta hii ilizoea petroli inayoshuka kwa uzito wake. Kimo cha sentimita 20 hutoa kilopaskali 1.5 tu. Pampu ya kiwambo inaweza kusukuma mara kadhaa ya hapo, na sindano ya floti ikichakaa kidogo, petroli itafurika. Ningeweka kiungo cha njia tatu na mpira mwembamba wa kurudisha ziada kwenye tenki. Pia ningeng'oa mpira wa plastiki angavu aliotumia kupitishia petroli: unapendeza kuangalia, lakini joto huikausha plastiki mpaka ikapasuka.

Kwa mwenye mashine, neno ni moja. Nusa kijiti cha oili kila asubuhi. Kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda juu ya alama, jambo la kwanza la kushuku ni kiwambo kilichotoboka na kupitisha petroli kwenye mpira wa pigo. Usiwashe. Mwaga oili yote, takriban lita 0.6, badilisha kiwambo, weka oili mpya, kisha ndipo uvute kamba.