Kulaza Asumini Vuga

Kwanza mzee anatafuta tawi la kulaza ardhini litoe mizizi. Halitaki refu kuliko yote wala lenye maua mengi. Analitaka la msimu uliopita, lililokomaa bila kuwa gumu, lililoota chini kiasi cha kuinamishwa hadi ardhini lisivunjike. Mzee anapita kwenye kichaka cha asumini akiyapinda matawi kwa vidole viwili, moja baada ya jingine. Mengi anayaacha. Moja linapinda kimya bila kulia, naye analiachia, anakwenda kuchukua vifaa vyake: kisu kifupi, kijembe, kijiti chenye panda, jiwe na ndoo ya mboji.

Hapa ni Bustani ya Victoria, Vuga, mjini Unguja, kando ya barabara ya Kaunda. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliitengeneza kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake, na jengo la katikati limesimama palipokuwa na hamamu zao. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza aliyekuwa na mapenzi makubwa na mimea, aliongeza miti mingine. Mwaka 1899 Sultani Hamoud bin Mohammed akawapa wananchi bustani hii, kwa kumbukumbu ya jubilei ya Malkia Victoria. Jengo likawa ukumbi wa Baraza la Kutunga Sheria kuanzia 1926 hadi 1964. Baadaye likachakaa pamoja na bustani, hadi ukarabati wa miaka ya 1990.

Mzee amekwisha kuchutama. Anapukutisha majani kwenye urefu wa shubiri moja, anabakiza yale ya kwenye ncha. Anachagua kifundo, anakigeuza kielekee ardhini. Kisu kinaingia chini yake kwa mshazari, kinapanda kuelekea ncha, kinafika nusu ya unene, kinasimama. Hapo ndipo pagumu. Akizidisha kidogo, tawi limekatika. Akipunguza, jeraha litajifunga na hakuna mzizi utakaotoka. Ili lisijifunge, anachomeka kipande cha chelewa, chembamba kuliko njiti ya kiberiti.

Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa njia ya ganda. Kikifika kwenye jeraha hukwama, na pale pale mizizi huchipua. Maji nayo yanaendelea kupanda kupitia nusu iliyobaki, kwa hiyo tawi halikauki. Sisi wa Mbozi, huko bara, kahawa ikizeeka tunaikata kisiki, tunangoja machipukizi, tunabakiza mawili au matatu, na kwa zaidi ya mwaka hatuvuni kitu. Nilidhani naijua subira ya mimea. Lakini kwetu tunaanza kwa msumeno. Huyu mzee anaanza kwa kuacha nusu.

Anachimba kijishimo chenye kina cha kiganja, anaondoa vipande vya matumbawe, anachanganya mboji na udongo uliobaki. Tawi linalazwa, jeraha likiwa chini. Kijiti cha panda kinalibana. Udongo unarudi, unashindiliwa kwa ngumi, jiwe linawekwa juu kutunza unyevu. Ncha inainuliwa, inafungwa kwenye kijiti kwa uzi uliolegezwa, isije ikajinyonga itakaponenepa.

Namtazama, nawaza bustani nyingine. Reli ya TAZARA, inayopita kwetu Vwawa na Tunduma kuelekea Zambia, ilituletea Wachina wengi miaka ya 1970, ila sikumbuki mzee wa kwetu aliyesimuliwa habari za Beihai. Nayo, kama hii ya Vuga, ilikuwa bustani ya wafalme, katikati ya Beijing, yenye ziwa na mnara mweupe wa mwaka 1651. Raia walifunguliwa milango mwaka 1925, mfalme wa mwisho akiwa ameachia kiti tangu 1912. Unguja ilitangulia kwa miaka 26, na Sultani wake akabaki kwenye kiti. Alitoa bustani tu.

Pembeni kuna tawi jingine, lililolazwa zaidi ya miezi miwili iliyopita. Mzee anaondoa jiwe, anafukua kwa ncha ya kidole, analivuta kidogo sana. Halisogei. Mizizi myeupe imeshika. Namwuliza kama ndiyo tunalikata.

"Nusu leo, mwanangu, nusu wiki ijayo," anasema. "Tunaliachisha ziwa."

Anakata nusu, upande wa shina mama, anafukia tena, anamwagia maji polepole ili udongo usichimbike.

Mahali pa kulipeleka amekwisha kupaona. Watu wanaokatisha bustanini wamechonga njia yao kwenye majani, pasipokuwa na njia yoyote kwenye mpango wa zamani. Hakuiziba kwa waya. Amepanga mawe kandokando, na asumini mpya itakaa hatua moja nje ya mawe, wapitao wasiikwaruze kwa kanzu na mabuibui. Shimo lake liko tayari, nusu limejaa mboji.