Nafsi na Baraza katika Tawasifu ya Tippu Tip

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, husomwa zaidi kama hazina ya historia ya misafara kuliko kama jibu. Makala haya yanaisoma kama jibu. Mwaka 1890 Stanley alichapisha In Darkest Africa, ambamo alimlaumu Tippu Tip kwa kutotimiza ahadi ya wapagazi waliohitajika Yambuya. Mlaumiwa hakuwa na gazeti. Alikuwa na kalamu, hati za Kiarabu na Kiswahili chake.

Kimtindo, matini hii ni baraza iliyohamishiwa karatasini. Kiambishi -ka- husukuma safari mbele kwa kasi. Lakini lawama inapokaribia, mwendo hupungua na mazungumzo hushika nafasi: fulani kasema hivi, nami nikamjibu vile. Msimulizi anajua kwamba msikilizaji atabisha, hivyo humjibu kabla hajafungua kinywa.

Tatizo linaonekana wazi zaidi Unyanyembe. Baba yake Tippu Tip alioa binti wa Mtemi Fundikira, na Fundikira alipofariki, mrithi wake Mnywa Sere aligombana na Waarabu wa Tabora, nao wakamuunga mkono Mkasiwa. Katika baraza halisi, ugomvi wa namna hii ungekuwa na wasemaji wengi na wa kukatizana. Kitabuni, sauti zote hupita katika koo moja, tena koo la mtoto wa mmoja wa wagombanao. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao bila wao hapana msafara, wanahesabiwa zaidi kuliko wanavyosikika.

Jibu lenyewe halikurudi nyumbani. Heinrich Brode alilihawilisha kwa hati za Kirumi na kulichapisha Berlin, 1902–1903, pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mwandishi alifariki 1905. Toleo la Whiteley lilitoka mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati waliohusika hawakuwapo tena kukanusha. Linganisha na Mambo Leo, lililoanza 1923: humo nafsi ya mwandishi ilibanwa katika barua fupi, lakini msomaji wa mbali aliweza kumjibu katika toleo lililofuata. (Kwamba gazeti hilo lilikuwa la serikali ya kikoloni ni mpaka mwingine wa mjadala, si wa kupuuzwa.)

Msomaji wa Kitete anayekifungua kitabu hiki leo ana swali ambalo Stanley hakuwa na sababu ya kuliuliza: ukumbini kwa Mnywa Sere, vita vile vilisimuliwaje?