Haifa na Hesabu ya Wati

Mwezi wa Machi 2003, zama ambazo ubora wa kompyuta ulipimwa sokoni kwa wingi wa mapigo ya prosesa kwa sekunde, kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya kompyuta mpakato iitwayo Pentium M, iliyobuniwa na wahandisi wake wa Haifa, Israeli. Nayo, kwa gigahezi 1.6 tu, ilishindana barabara na nduguye Pentium 4 iliyopiga zaidi ya gigahezi 2, ilhali kiwango cha joto ilichopangiwa kilikuwa wati 24.5. Yafaa kueleza jinsi walivyofanya, kwa sababu akthari ya watu hudhani kuwa kuokoa umeme ni kuinyima mashine nguvu.

Hila ya kwanza haikuwa yao peke yao. Transista zikiwa kazini, umeme zinaoula huongezeka kwa kadiri ya mapigo, na kwa mraba wa volti. Hivyo apunguzaye vyote viwili hupata faida kubwa. Kazi ilipopungua, prosesa hiyo ilishuka kutoka gigahezi 1.6 kwa volti 1.484 hadi megahezi 600 kwa volti 0.956. Ukizidisha uwiano wa mapigo, ambao ni 0.375, kwa mraba wa uwiano wa volti, ambao ni kama 0.41, utapata matumizi yasiyofika wati 4. Walakini Intel yenyewe iliandika wati 6. Hapo ndipo uonekanapo uvujaji, maana transista hupitisha umeme hata zisipokuwa na kazi, wala uvujaji huo hauhesabu mapigo. Kwa hiyo mwendo wa polepole peke yake hautoshi: kazi ikikawia, uvujaji nao hudumu, na mara nyingi ni heri kuimaliza mapema kisha prosesa ilale.

Ndipo mastadi wale wakaanza kuisaka israfu ndani ya kazi yenyewe, na sehemu hii kwangu ndiyo bora kuliko zote. Programu hufika njia panda kila baada ya amri chache, na prosesa, isiyoweza kungoja, hubashiri njia na kuifuata. Ikikosea, yote iliyokwisha kuyafanya hutupwa, na umeme wake haurudi. Wakaukaza ubashiri, na kwa tendo hilo moja wakapata kasi na akiba pamoja. Amri ndogo zilizozoea kusafiri mbali mbali wakaziunganisha zipite mara moja. Kache, yaani hazina ya data iliyo ndani ya prosesa, yenye megabaiti 1, wakaigawa mafungu 32, na kila data ilipotakiwa, likaamshwa fungu moja tu.

Kwa upande wa pili, Pentium 4 ya 2004, iliyopewa jina la Prescott, ilirefushwa njia yake ya ndani ya kupitishia amri hadi hatua 31 ili ipige mapigo mengi zaidi, ikapita wati 100. Na kadiri njia ilivyorefuka, ndivyo kila ubashiri mbovu ulivyogharimu zaidi. Mwezi wa Mei mwaka ule ule Intel iliiacha Tejas, iliyokusudiwa kuirithi. Mwaka 2006 ikatoa Core 2 Duo, ya usanifu wa Haifa vile vile, ikaiweka katika kompyuta za mezani kwa wati 65, na ikawa na kasi kuliko Pentium zote zilizoitangulia.